Kivuli mwezini: Tusome picha kwa elimu, si kwa uvumi



Yapo maswali ambayo kila mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu katika sekondari zetu za mijini hukutana nayo, hata kama hayamo katika muhtasari wa somo. Mojawapo ni hili: "Ustadhi, ni kweli Wamarekani walifika mwezini, au walitudanganya?" Swali hili huulizwa darasani, huulizwa barazani baada ya swala ya Isha, na siku hizi huzunguka katika simu za mkononi pamoja na picha zenye mishale myekundu inayoonesha vivuli. Mmoja atasema kivuli kile kinathibitisha kuwa chombo kipo. Mwingine, kwa picha ile ile, atasema kivuli kile ndicho kinachofichua uongo.

Makala hii haikuandikwa ili kuitetea Marekani. Marekani ina watetezi wake. Lengo ni kuangalia jambo moja tu: kivuli kinachoonekana katika picha iliyopigwa kutoka juu ya mwezi kinaweza kutuambia nini, na hakiwezi kutuambia nini. Tukilielewa hilo, tutajua pia namna ya kupokea picha nyingine nyingi tunazoletewa, zikiwemo zile tunazozipenda kwa sababu zinaonekana kuisaidia dini yetu.

Waislamu na elimu ya kivuli

Kabla ya kwenda mwezini tukumbushane kwamba Muislamu si mgeni wa kivuli. Katika Suratul Furqaan, aya ya 45, Allah (s.w.) anatuelekeza tuzingatie namna anavyokitandaza kivuli, na anatufahamisha kuwa jua ndilo dalili yake. Swala zetu mbili za mchana zimefungamana na kivuli. Adhuhuri huingia jua linapopinduka na kivuli kuanza kurefuka tena. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi iliyoenea katika mwambao wetu, huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwepo wakati wa jua la utosi. Kwa Imamu Abu Hanifa ni mara mbili.

Anayeishi Dar es Salaam anajua kwamba kivuli hicho cha jua la utosi hakifanani mwaka mzima. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini yetu na kivuli huangukia kusini. Desemba jua liko kusini yetu na kivuli huelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na katika Oktoba jua hupita juu ya utosi, na kijiti kilichosimama wima hukosa kivuli kwa muda mfupi. Kijiti ni kile kile na uwanja ni ule ule, lakini kivuli hubadilika kwa kuwa jua limebadilisha mahali.

Wanazuoni wetu waliifanya elimu hii kuwa fani kamili. Al-Biruni, aliyeishi katika karne ya 10 na ya 11, aliandika kitabu kizima kuhusu vivuli na hesabu zake. Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa ya jua ya msikiti huo mwaka 1371. Kwa hiyo tunapoizungumzia hesabu ya kivuli hatuchukui kitu cha kigeni. Tunarudi katika mlango ambao wazee wetu waliufungua.

Kanuni ni ile ile

Mwezini hakuna upepo, hakuna mawingu wala hewa, lakini jua ni lile lile na kanuni ya kivuli ni ile ile. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, kivuli cha kitu kwenye uwanja tambarare ni sawa na kimo chake. Likishuka hadi nyuzi 20, kivuli huwa takribani mara 2.7 ya kimo. Likiwa nyuzi 10, ni karibu mara 5.7, na likiwa nyuzi 5 hufika zaidi ya mara 11.

Sasa tutazame chombo chenyewe. Kila chombo cha Apollo kilichotua mwezini kilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya juu iliruka na wanaanga wakati wa kurudi. Sehemu ya chini, yenye miguu minne, ilibaki pale pale. Kimo cha sehemu hiyo ya chini ni mita 3 na kidogo, na upana kutoka mguu hadi mguu ni mita 9 hivi. Vipande sita vya aina hiyo viliachwa mwezini kati ya Julai 1969 na Desemba 1972.

Mtu huuliza: mbona darubini kubwa kama Hubble isituoneshe vipande hivyo? Jibu ni la hesabu. Kwa umbali wa kilometa zipatazo 384,000, kitu kidogo kabisa ambacho Hubble inaweza kukipambanua juu ya mwezi kina upana wa takribani mita 90. Kipande cha mita 9 hakionekani, kama vile usivyoweza kusoma gazeti lililo upande wa pili wa uwanja wa mpira. Ilibidi kamera ipelekwe karibu.

Kamera hiyo ilipelekwa na chombo kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kwa kifupi LRO, kilichorushwa tarehe 18 Juni, 2009. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Julai, 2009, zilitolewa picha za kwanza za maeneo matano kati ya sita yaliyotuliwa na Apollo. Katika picha hizo kila nukta moja ilikuwa sawa na takribani mita moja ya ardhi ya mwezi. Hivyo chombo chenyewe kilionekana kama nukta chache nyeupe, ambazo mtu angeweza kuziruka kwa jicho bila kuziona.

Kilichowafanya watu wakione ni kivuli. Jua lilikuwa chini. Chukua mfano wa jua la nyuzi 10: kipande cha mita 3.2 kitatupa kivuli cha mita 18 hivi. Kitu kinachochukua nukta chache tu kinapata mkia mweusi wa nukta 18. Na ukiigeuza hesabu, mwenye picha mkononi anayejua jua lilikuwa nyuzi ngapi saa ile anapima urefu wa kivuli, anaupunguza kwa kipimo hicho hicho, naye anapata kimo cha kitu ambacho hawezi kukiona vizuri. Hesabu hii ni ya sekondari.

Mitego minne ya msomaji wa kivuli

Ya kwanza ni kutojua mwanga unatoka wapi. Jicho la mwanadamu limezoea mwanga unaotoka juu. Ukipewa picha ya ardhi ambayo mwanga wake umetoka upande wa chini wa karatasi, shimo utaliona kilima na kilima utakiona shimo. Dawa yake ni kujua upande wa jua kwanza. Ikiwa jua liko mashariki, shimo huwa na giza ndani ya ukingo wake wa mashariki, na ukingo wa magharibi hung'aa. Kitu kilichoinuka kinafanya kinyume: hung'aa upande wa mashariki na kutupa kivuli chake nje, kuelekea magharibi.

Ya pili ni kusahau mteremko. Hesabu niliyoitoa hapo juu ni ya uwanja tambarare. Kivuli kikiangukia mteremko unaoshuka kitarefuka, na kikiangukia mwinuko kitafupika. Wengi wanaodai kwamba vivuli katika picha zilizopigwa na wanaanga wenyewe "havikwenda sambamba" wamesahau hili, na wamesahau pia kwamba mistari iliyo sambamba ikitazamwa kutoka usawa wa ardhi huonekana kama inakutana mbele. Atakaye hakika atazame nguzo za umeme kando ya barabara jioni.

Ya tatu ni kuchanganya kivuli na doa. Si kila cheusi katika picha ni kivuli. Katika eneo la Apollo 14, waliposhuka Alan Shepard na Edgar Mitchell tarehe 5 Februari, 1971, picha za LRO zinaonesha mstari mwembamba wa giza unaotoka kwenye chombo kwenda kwenye vifaa vya uchunguzi walivyovisimika. Mstari ule ni njia ya nyayo zao. Udongo uliovurugwa una weusi tofauti na udongo uliotulia. Utatofautishaje? Tafuta picha ya pili ya mahali hapo hapo iliyopigwa saa nyingine. Jua likihama, kivuli kitahama nalo, na likipanda juu kivuli kitakaribia kutoweka. Doa litabaki mahali pake, na mara nyingi jua likiwa juu ndipo doa huonekana vizuri zaidi.

Ya nne ni kukitaka kivuli kiseme kisichoweza kusema. Kivuli kinasema: hapa pana kitu, kimo chake ni hiki, umbo lake ni takribani hivi. Hakisemi rangi. Hakisemi nani alikiweka.

Bendera zilizosimama na iliyoanguka

Hapa ndipo ushahidi wa kivuli ulipofika kiwango cha juu. LRO huzunguka mwezi kupitia ncha zake mbili, na mwezi nao hujizungusha taratibu chini yake. Kwa hiyo hupita juu ya mahali pamoja mchana wa mahali hapo mara moja hivi kwa mwezi, na hali ya jua hutofautiana kati ya picha na picha. Watafiti wa kamera hiyo, wakiongozwa na Mark Robinson wa Chuo Kikuu cha Arizona State, walizipanga picha za eneo moja kwa kufuata saa ya jua la mwezini, tangu asubuhi hadi jioni.

Mahali zilipochomekwa bendera katika Apollo 12, Apollo 16 na Apollo 17 palionekana kivuli kidogo kinachoizunguka nukta ile ile, kama kivuli cha kijiti kinavyozunguka uwanjani. Doa halizunguki. Jiwe lingeweza kutupa kivuli kinachozunguka, lakini picha zilizopigwa na wanaanga wenyewe kutoka ardhini zinaonesha mahali pale hapakuwa na jiwe, palikuwa na bendera.

Eneo la Apollo 11 halikuonesha kivuli cha bendera. Ukimya huo nao ni ushahidi, kwa sababu Buzz Aldrin, aliyekuwa pamoja na Neil Armstrong, alieleza kwamba walipowasha injini kuondoka aliiona bendera ikianguka. Matokeo hayo ya bendera yalitangazwa mwaka 2012, miaka 43 baada ya maneno ya Aldrin. Picha iliafikiana na shahidi pale aliposema kitu kimesimama, na pale aliposema kimeanguka. Wenye kusoma elimu ya hadithi wanajua uzito wa riwaya mbili zinazoafikiana huku njia zake zikiwa tofauti.

"Lakini picha ni zao wenyewe"

Huu ni upinzani wa haki na unastahili jibu. Mshitakiwa hawi shahidi wa pekee wa nafsi yake. Je, wapo mashahidi wengine?

Wapo. Chombo cha Japani kiitwacho Kaguya kilipiga picha eneo la Apollo 15, na mwaka 2008, kabla LRO haijarushwa, Wajapani walionesha duara la udongo uliobadilika mng'ao, lililosababishwa na moto wa injini ya kutulia. India nayo, kwa kamera ya Chandrayaan-2 iliyorushwa mwaka 2019, imepiga picha za eneo la Apollo 11.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa waliokuwa mahasimu wa Marekani. Mwaka 1970 Warusi walipeleka mwezini gari lisilo na dereva, Lunokhod 1, likiwa na kioo maalumu cha kurudisha mwanga. Mawasiliano nalo yalikatika mwaka 1971, na kwa karibu miaka 40 hakuna aliyejua kwa hakika lilisimama wapi. Mwaka 2010 picha za LRO zikaonesha nukta ya gari hilo. Wataalamu wakaelekeza mwali wa leza mahali hapo, na mwanga ukarudi. Picha ilisema "kipo pale", wakabisha hodi pale, wakaitikiwa. Picha ya kughushi haiwezi kurudisha mwanga. Vioo vya namna hiyo vilivyoachwa na Apollo 11, 14 na 15 navyo hupigwa leza hadi leo, na kituo cha Ufaransa kilichopo Grasse ni miongoni mwa vinavyofanya kazi hiyo.

Wala kusoma picha hizi si kazi ya wenye vyeo tu. Septemba 2019 chombo cha India kilichoitwa Vikram kilianguka mwezini. LRO ilipita juu ya eneo hilo siku chache baadaye, lakini jua lilikuwa linazama na vivuli virefu vilifunika sehemu kubwa ya ardhi, kwa hiyo hakuna kilichopatikana. Kivuli kinachofichua ndicho pia kinachoficha. Aliyekipata alikuwa mhandisi wa mjini Chennai, Shanmuga Subramanian, ambaye hakuwa mwajiriwa wa shirika lolote la anga. Alikaa na kompyuta yake akilinganisha picha za kabla na za baada, nukta kwa nukta, hadi akaona nukta moja ambayo awali haikuwepo. NASA ilithibitisha na kumtaja kwa jina Desemba 2019. Picha zimewekwa wazi kwa kila mtu. Kijana wa Temeke au Mombasa mwenye subira kama ile anaweza kuzifungua na kuzipima mwenyewe.

Sasa tujipime sisi

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani tunawasema wengine. Hapana. Ziko habari mbili za mwezi zilizoenea sana miongoni mwetu Waislamu, na zote mbili zinastahili mizani hii hii.

Ya kwanza ni kwamba Neil Armstrong alisikia adhana mwezini, kisha akasilimu. Habari hii imesomwa mimbarini na kuandikwa katika vijarida. Armstrong mwenyewe aliikanusha, na mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilizitaarifu balozi zake katika nchi za Kiislamu kwamba hakusilimu. Alifariki mwaka 2012 bila kubadilisha kauli. Tuangalie pia mgongano uliomo: mtu yule yule anayesema hakuna aliyefika mwezini, kesho anakusimulia adhana iliyosikika huko huko mwezini! Hoja mbili zinazouana haziwezi kukaa katika kifua kimoja ila kwa mtu asiyechuja.

Ya pili ni ile picha ya ufa mrefu juu ya mwezi, inayosambazwa kama ushahidi wa kupasuka kwa mwezi katika zama za Mtume (s.a.w.). Picha ile ni ya kweli. Ilipigwa na Apollo 10 Mei 1969, na ufa ule unaitwa Rima Ariadaeus. Isome sasa kama tulivyojifunza. Upande mmoja una kivuli na upande wa pili unang'aa, maana yake ni bonde, tena lenye sakafu tambarare. Wataalamu wanaeleza kuwa ni ardhi iliyodidimia kati ya nyufa mbili zilizo sambamba. Urefu wake ni kilometa 300 hivi, wakati mzingo wa mwezi ni karibu kilometa 10,900. Hata asilimia 3 haujafika. Ufa huo haukuuzunguka mwezi, na mabonde ya aina yake yapo mengi huko.

Je, hilo linagusa muujiza wenyewe? La hasha. Muujiza uliotajwa katika Suratul Qamar tunauamini kwa sababu ya Qur'an na hadithi sahihi, si kwa sababu ya kamera ya Apollo. Lakini tukimwambia kijana kwamba ushahidi wa imani yake ni bonde lile, siku atakayosoma jiolojia ya mwezi chuo kikuu atadhani kilichobomoka ni imani, kumbe kilichobomoka ni hoja yetu dhaifu. Tutakuwa tumemjengea nyumba juu ya mchanga, kisha tumlaumu kwa kuanguka.

Uadilifu ni amri

Wapo wanaokataa ushahidi huu kwa sababu moja tu, nayo ni machungu yao dhidi ya Marekani. Machungu hayo yana sababu zake, na gazeti la Kiislamu si mahali pa kuyabeza. Lakini katika Suratul Maaidah, aya ya 8, tumekatazwa kuacha chuki kwa watu itutoe katika uadilifu. Na katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Amri hizi hazikuwekewa sharti kwamba tuzitumie pale tu matokeo yanapotufurahisha. Anayemnyima hasimu wake haki katika jambo dogo kama nukta ya kivuli, atawezaje kusimama kuwa shahidi wa haki katika jambo la damu na mali za watu?

Nawashauri walimu wenzangu wa shule na madrasa tufanye jambo moja rahisi. Tuwatoe wanafunzi uwanjani wakati wa Adhuhuri na wa Alasiri, tusimamishe kijiti cha mita moja, wapime kivuli na waandike. Warudie kwa wiki chache. Kisha wapewe picha mbili za eneo moja la mwezi zilizopigwa saa tofauti, waulizwe: jua liko upande gani? Kipi ni kivuli, kipi ni doa? Kitu hiki kina kimo gani? Watakuwa wamejifunza fiq'hi ya nyakati, hesabu na sayansi kwa pamoja, na watakuwa wamepata kinga. Mtoto aliyekwisha kupima kivuli kwa mkono wake, akiletewa picha yenye mshale mwekundu hatauliza kwanza imetumwa na nani. Atauliza jua lilikuwa wapi.

Wabillahi tawfiiq.